Mawe ya Mtu

Niliikuta tasbihi Kongowea, siku ya kufungua mabelo,
imejisokota ndani ya mkoba uliong'oka zipu,
chini ya mikanda na soksi za watoto wa nchi za baridi.
Mkoba sikuutaka. Muuzaji akasema: "Viende pamoja, dada,
mimi sitengi mama na mwana."
Nikalipa mia mbili na hamsini,
na mkoba nikampa muuza ndimu hapo mlangoni.

Mawe thelathini na mawili.
La thelathini na tatu halikuwepo; mahali pake
pametiwa kifungo cha shati,
cheupe, cha matundu manne, uzi umepita mawili.

Bi Mwanakheri hakungoja nivue viatu.
"Mawe ya mtu hayo! Jiwe hunywa, mwanangu,
lina kiu kushinda mchanga.
Limekunywa nini huko lilikotoka?
Talaka? Maradhi? Kijicho?
Loweka kwenye maji ya chumvi siku saba
ndipo ulitajie jina la Mola wako."
Nikamwambia, bomba letu latoa chumvi tangu mfungo sita;
kama dawa ni hiyo, basi hata chai yetu ni twahara.
Hakucheka.

Hansaben wa ghorofa ya pili aliinama juu ya reli:
maziwa, akasema, kisha mbaamwezi usiku kucha.
Lakini darini kwetu kuna paka wa nyumba saba.

Sonara wa Mtaa wa Biashara akabana kioo jichoni.
"Akiki ya kweli. Jiwe halina dhambi, bibi.
Sabuni, na mswaki laini.
Ila hiki," akashusha sauti kama anayetoa habari ya msiba,
"hiki ni plastiki."

Nikafanya yote, nusu nusu,
kama mtu asiyetaka kukosana na ndugu.
Chumvi usiku mmoja. Maziwa kijiko.
Mwezi, wa dirishani, nami nimeketi nikifukuza paka.
Ijumaa nikawasha makaa, nikatia ubani
na kipande cha udi kilichosalia arusi ya Saumu,
nikapitisha mawe juu ya moshi mara tatu
hata mkono ukaungua.
Mwisho nikatoa sahani ya kombe.
Zafarani ikayeyuka katika marashi, herufi zikalegea,
nikashika jiwe mojamoja, nasugua kwa mswaki, nahesabu.

La kumi na moja nikasimama.

Upande mmoja limelika, limekuwa bapa
kama kipande cha sabuni kinachokaribia kwisha.
Si kosa la fundi.
Ni dole gumba.
Mtu alifika hapa, kila siku, miaka sijui mingapi,
akakwama hapa hapa,
akasugua.
Sijui akiomba nini. Mtoto. Pumzi.
Pengine usingizi tu.
Na siku uzi ulipokatika alipiga magoti sakafuni,
akapapasa chini ya kitanda, akapata thelathini na mawili,
akaenda kabatini akakata kifungo kwenye shati.
Shati la nani?

Na mimi hapa, na mswaki.

Wiki nzima nikimfukuza
kwa chumvi, kwa maziwa, kwa moshi,
kumbe ndiye mwenye nyumba, na mimi ndiye mgeni
nabisha hodi huku nafagia.

Bi Mwanakheri amenuna mpaka leo.
Anasema sikutimiza siku saba, na kweli sikutimiza.
Alfajiri nikifika la kumi na moja
dole langu lateleza lenyewe, lakaa palipolika,
lakaa vizuri mno,
kama mguu katika ndara za marehemu mama.
Jina lake silijui. Nasema: na huyu pia.
Halafu mawe mengine, baridi, moja moja,
hadi kwenye kifungo, ambacho hupata joto upesi.
Hapo sisemi kitu.

Maji ya zafarani niliumwagia mrihani.